Karani Asile Kitu

Ngari wa bucha hakuwahi kufunga duka siku ya soko, hata mara ile aling'olewa magego mawili. Lakini leo soko la Ishiara lilikuta kufuli mlangoni.

Sababu ilikuwa Karani, mbwa wake wa miaka kumi na mitatu. Alikuwa amekonda mbavu zikahesabika, na kila asubuhi anatapika manjano. Daktari Karimi, mwenye mashine ya kupiga picha za tumbo, angefika kutoka Embu saa tano, kisha asionekane tena hadi mwezi ujao. Alisema kwa simu, "Nataka kuona nyongo na bandama. Asile kitu tangu jioni. Akila, nyongo inajikamua, nami sitaiona vizuri."

Sasa pale buchani kila mteja humrushia Karani kipande. Tumbo lake lilikuwa limekataa kazi, lakini mdomo haukukubali kustaafu. Basi Ngari akamfunga kwa mnyororo kwenye mguu wa kiti chake sebuleni, akakikalia.

Kumbe mwenye bucha akifunga siku ya soko, watu hawaulizi, wanapika. Saa tatu Ruguru, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, aliingia na birika la chai, sufuria ya ndengu, beseni la mandazi, na watu saba nyuma yake.

"Pole, Baba Njagi," akamwambia Ngari. "Ni nani?"

Ngari aliona haya. Mwanamume mzima afunge bucha kwa ajili ya mbwa? "Kuna mgonjwa," akasema. "Wa nyongo. Na bandama."

"Bandama," akasema mzee Ireri, akiketi. "Hiyo huondoka na mtu."

Eunice, mkewe Ngari, alikimbilia jikoni leso ikiwa mdomoni kuzuia kicheko.

Wakainamisha vichwa. Ruguru akiomba hana haraka, alianzia uumbaji. Alipofika kwa Ayubu, andazi la mtu likateleza kutoka pajani, likaanguka. Ngari akasikia mnyororo ukivutika. Akajitupa magotini, akatia vidole kati ya meno machache ya Karani, akalitoa andazi zima, limelowa mate. Pa kulificha hakuna. Akalitia kinywani mwake.

Watu walipofumbua macho walimkuta amepiga magoti, machozi yanamtoka, hawezi hata kusema amina. Ruguru naye akalia.

"Baba Njagi," akauliza Ireri, ambaye huomba jicho moja likiwa wazi, "huyo mgonjwa ana mkia?"

Ikabidi aseme yote. Ruguru akajifuta machozi polepole.

"Nimemwombea mbwa robo saa nzima," akasema. "Basi twendeni tuone kama maombi yamefika."

Duka la dawa za mifugo, anakopimia Daktari Karimi, likajaa. Karani akalazwa chali, akanyolewa tumbo, akapakwa jeli ya baridi. Kwenye kioo cha mashine vikatokea vivuli vya kijivu. Ngari, aliyepasua mbuzi maisha yake yote, hakutambua hata kimoja.

"Nyongo yake imekuwa nzito kama uji uliolala," daktari akasema, "lakini njia haijaziba. Kwenye bandama kuna kivimbe kidogo. Mbwa wazee wengi wanacho na hakiwadhuru. Mwezi ujao nitakipima tena, nione kama kinakua."

"Kwa hivyo hafi?"

"Si kwa hiki ninachokiona leo. Nitampa dawa. Ila mafuta ya nyama, mwisho. Nani humpa?"

Watu wanane wakatazama viatu vyao.

Ruguru akaunda kamati hapo hapo ya kuchunga mdomo wa Karani. Ngari aliinua mkono achaguliwe. Wakamwambia aushushe, mtu anayeshinda na kisu na nyama hawezi kuaminiwa.