Ada ya Kutuma Redio

...na angeandika tu "itajulikana baadaye", kama wenzake wote kwenye mnada ule wa mtandaoni, nani angemlaumu, zimebaki dakika sita, redio ya mbao aliyoifufua kwa wiki mbili imefika bei ya kandambili, na sasa mnunuzi anauliza, shikamoo fundi, kuituma mpaka kwangu ni kiasi gani... shikamoo, jamani, bila hiyo shikamoo ingekuwa rahisi kumdanganya, "Chai inapoa huku!" mkewe anaita kutoka jikoni, nakuja, nakuja, lakini haendi, kidole kinaning'inia juu ya simu, maana hesabu ilikuwa tamu, redio iende kwa bei ya kutupa, kisha ada ya kutuma na kufungasha izidishwe mara tatu, faida ijifiche ndani ya boksi pamoja na magazeti, shemeji ndiye aliyemfundisha, lakini mwaka jana si yeye mwenyewe fundi aliyenunua spika kwa bei ya soda, akarukaruka sebuleni, ikaja ada ya kutuma ya kununulia mbuzi, na mpaka leo spika ile humu ndani inaitwa mbuzi, punguza sauti, mbuzi wako anatupigia kelele... anacheka, "Unacheka na nani?" na huyu wa shikamoo naye atachekwa nyumbani kwake, mkuki kwa nguruwe kwa binadamu mchungu, haya basi, aandike ukweli, posta kiasi fulani, karani alipima mara mbili kwa sababu mara ya kwanza fundi alisahau bisibisi ndani, boksi, utepe, magazeti bure, jumla yake ndogo hata inatia huruma, na zile wiki mbili je, kazi aiweke wapi... "Bei ya mikono yako huitamki," mkewe alimwambia siku mteja alipoondoka na pasi iliyopona kwa sarafu mbili, "unasema toa chochote, halafu unanuna mpaka jioni," kweli kabisa, miaka thelathini ya toa chochote, kumbe si ujanja wa shemeji hata kidogo, ni aibu, anaona aibu kusema nastahili, ndiyo maana anataka kujificha kwenye kifurushi... "Inapoa!" dakika tatu, bei haijasogea, hajaandika hata herufi, lakini amekaa wima na moyo mwepesi, marahaba, ataanza hivyo, hapo chini ya picha kila mtu asome, posta, boksi, utepe, kila kimoja na bei yake, na mstari wa mwisho, kazi ya fundi, anayeona ni ghali aache sasa, mlango uko wazi, na tarakimu yenyewe, nzima, ambayo hajawahi kumtamkia mtu, anaitamka kwa sauti asikie inavyokaa mdomoni, "Ngapi?" mkewe anauliza, na fundi anairudia bila kukohoa.