Buti za Natabo

Kila asubuhi, kabla sijachemsha sindano, nilimkalisha Natabo kwenye benchi la zahanati, nikamvua buti zake, nikamvalisha tena: ya kushoto kwenye mguu wa kulia, ya kulia kwenye mguu wa kushoto.

Natabo alizaliwa nyayo zikitazamana. Daktari wa mifupa ya watoto, aliyekuja Isiolo mara moja kwa mwezi, alimnyoosha kidogo kidogo kwa plasta. Plasta zilipotolewa akaleta buti, akaagiza zivaliwe kinyume ili kila moja isukume vidole kuelekea nje. Zikivaliwa kama kawaida, alinionya, miguu itarudi kupinda.

Mama yake, Nakal, alimvalisha vizuri nyumbani kwao, kitongoji cha Chechelesi. Shida ilikuwa njiani. Watu wa Isiolo wana huruma kupita kiasi. Kobia, muuza miraa, aliwaacha wateja wake kila asubuhi, akamkalisha mtoto kwenye gunia na kumbadilishia viatu, huku akimsikitikia mama asiyejua kushoto wala kulia. Nakal alijaribu kumweleza mpaka akachoka. Nami nilikwenda mara kadhaa kumwambia Kobia aache, lakini nikifika mbele yake nilimsalimia, nikanunua njugu, nikarudi kazini.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshamvalisha buti moja kinyume, ya pili ingali mkononi, mlango ulipopigwa teke, bunduki zikaingia kabla ya wenyewe.

Walikuwa wanajeshi, wakiongozwa na Sajini Njeru. Mbele yao alikuwa Ekai, mfuata nyayo wao, bado ameinama, akiichunguza sakafu ya saruji kana kwamba itamjibu. Sajini alituamuru tusimame ukutani. Waasi wawili wa shifta, alisema, wameingia humu.

Ekai akaeleza, kwa fahari ya mtu aliyetembea tangu jua lichomoze. Kutoka Chechelesi alikuwa akimfuata mtu mfupi, mjanja sana, anayepishanisha miguu kila hatua ili kuwachanganya wanajeshi. Pale kwa Kobia mtu huyo alikutana na mwenzake, wakaketi juu ya gunia. Kuanzia hapo kulikuwa na nyayo za mtu mmoja tu, anayetembea kama watu wengine.

"Na yule wa kwanza alienda wapi?" sajini aliuliza.

"Alibebwa. Ndiyo maana huyu wa pili hatua zake ni fupi, afande. Amelemewa."

Hakuna aliyewaza mtoto. Watoto wa Chechelesi walitembea peku, na wazazi wao walivaa viatu vya tairi. Mwenye buti alikuwa mwanajeshi au mtu anayetafutwa na wanajeshi.

Nakal aliziba mdomo kwa mkono, lakini kicheko kilimtoka puani. Akamwinua Natabo na kuuonyesha ule mguu wenye buti. Ekai aliitazama soli, akautazama unyayo wa vumbi pale mlangoni, kisha akatoka nje kuangalia mawingu, ingawa mbingu haikuwa na wingu hata moja.

Sajini alicheka hata akaketi. Akasema yeye pia ana binti nyumbani, wa rika hilo hilo. Akaichukua buti mkononi mwangu, akapiga magoti, akamvalisha Natabo zote mbili jinsi dunia nzima inavyovaa, na kufunga kamba kwa fundo la kijeshi.

"Sista, wewe umesoma," aliniambia kwa upole. "Hata kushoto na kulia?"

Kisha akatoa amri. Kuanzia kesho, askari wa kizuizi cha barabarani watamkagua mtoto huyu kila asubuhi, na wakikuta buti zimevaliwa vibaya watamrekebisha. Jeshi haliwezi kumwinda Natabo kila siku.

Nilimshukuru. Halafu nikasema kwamba daktari, labda, alikuwa na maoni kidogo kuhusu viatu. Sajini akaniambia nimsalimie daktari. Nikasema kwamba pengine kuna namna nyingi za kuvaa. Akakubali, akasema namna mbaya ni mojawapo. Nakal alikuwa ameacha kucheka. Alinitazama, nami nikayatazama magoti yangu.

Natabo aliteremka kwenye benchi na kutembea kumfuata sajini, kwa kuwa alimpenda. Ncha za buti zilianza kugeukiana, kidogo tu, kama watu wanaotaka kusalimiana.

Sajini alikuwa tayari nje.

"Afande, rudi," nilisema, na sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia, kwa maana hata Ekai aligeuka. "Rudi upige magoti tena. Buti zilikuwa sawa. Ni wewe na Kobia na Isiolo yote mnaompinda mtoto miguu. Kushoto iende kulia, kulia iende kushoto, na hao askari wako wa barabarani uwaambie hivyo hivyo."