Kidoti cha Enock

Simu ilimuuliza tena asubuhi hiyo: Sasisha sasa, au Baadaye? Paskalina alifuta kidole kwenye kanga, maana kilikuwa na majivu na mafuta ya sufuria, akabonyeza Baadaye. Akangoja yale maneno yapotee. Yalipopotea ramani ikafunguka, na kidoti kilikuwa palepale.

"Yupo?" aliuliza Lusia, huku anageuza maandazi kwenye karai.

"Yupo."

Akairudisha simu kifuani, akakaza fundo la kanga, akaendelea kusugua. Lusia alikuwa mama ntilie pale machimboni Nyamigobo, mkoani Geita, na kibanda chake kilikuwa cha turubai lililoungwa kwa kamba za katani na mabati yaliyokwishatobolewa misumari na watu wengine kabla yake. Alimpokea huyu mama mgeni wa kutoka Shinyanga kwa maneno ya mdomo tu: uoshe vyombo, ule, ulale nyuma ya magunia ya mkaa, na simu yako uchajie kwenye sola yangu. Maji ya kuoshea yalikuwa ni yaleyale kuanzia alfajiri mpaka jua linapoinama. Yalianza meupe, yakamaliza mekundu. Vumbi la karasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu, liliingia kwenye chai, liliingia masikioni, liliingia mpaka kwenye mikunjo ya chapati. Paskalina alikuwa na kikohozi ambacho hakutoka nacho nyumbani.

Kidoti chenyewe kilikuwa kama punje ya mtama. Zamani kilikuwa cha kijani. Sasa kilikuwa cha kijivu, na chini yake pameandikwa: Enock. Alionekana mwisho Jumanne.

Ni Jumanne ipi, simu haikusema.

Enock alikuwa kitindamimba wake, na ndiye aliyemwekea programu ile alipokuja nyumbani, jirani na Mwadui, kusaidia kuvuna mpunga. Iliitwa Nipo. Wenye leseni ya Nyamigobo walikuwa wameizindua kwa turubai kubwa, muziki na soda, kwa sababu kabla ya hapo watu walishapotea ardhini na serikali ikaja juu. Kila mchimbaji akaambiwa aiweke kwenye simu yake, asiye nayo haingii duarani, ndani ya shimo la kuchimbia. Wakagawiwa na fulana za njano, mgongoni zimeandikwa: Hapotei mtu. Enock alimletea mama yake moja. Mama akawa anaivaa shambani, maana kitambaa chake kilikuwa kizito, cha kudumu.

"Mayu, angalia," alimwambia mama yake siku ile, wamekaa kwenye mkeka wanapembua choroko. "Huyu wewe, wa bluu. Huyu mimi. Sasa hivi tumepandana kwa kuwa tumekaa pamoja."

"Na ukirudi huko?"

"Utaniona natembea."

"Kama sisimizi."

"Kama sisimizi, mayu. Ila sisimizi wako mwenyewe, usimkanyage."

Na kweli alitembea. Kila asubuhi, kabla ya kufungua zizi, Paskalina alimwangalia akitoka kambini, akisimama kidogo mahali fulani (kumbe ndipo kwa Lusia, kwenye maandazi), kisha akishuka mpaka duarani. Akifika mdomoni mwa duara kidoti kilikuwa kinakauka, kinakuwa kijivu, kwa kuwa chini hakuna mtandao. Jioni kilirudi kuwa kijani. Paskalina hakuwa anasonga ugali mpaka kidoti kiwe kijani. Majirani walishamzoea. "Mama Enock, vipi, mwanao hajakuruhusu kula?" walimtania.

Jumanne moja hakikurudi kijani. Maji ya ugali yalichemka yakakauka, akaongeza mengine, nayo yakakauka. Alipopiga, sauti ya msichana ikamwambia mteja hapatikani kwa sasa. Akauza mbuzi jike mwenye mimba, akapanda basi la Kahama, akapanda lingine mpaka Katoro, na toka hapo akaenda akimfuata sisimizi wake. Bodaboda alimwacha njiani kwa sababu ya matope. Sehemu ya mwisho alitembea huku macho yakiwa kwenye simu, anakiona kidoti chake cha bluu kinakisogelea kile cha kijivu, kinakigusa, kinakipanda mpaka hakuna anayeweza kusema kipi ni kipi.

Ndipo akainua macho. Mbele yake palikuwa na shimo lililotitia kama kichuguu kilichobomolewa, matimba ya kuzuilia udongo yamechomoza yakiwa yamevunjika, na mbuzi wa mtu wanakunywa maji ya mvua humo ndani.

Shemeji yake Januari, mkubwa wa ukoo, alimwambia kwenye simu: "Shemeji, hatuwezi kuweka msiba wa mtu ambaye hatujamzika. Leta mwili. Au leta habari kwamba anaishi." Alichokuja kutafuta kilikuwa hicho tu. Wamfukue. Polisi walimwambia aende kwa wenye leseni, kwa kuwa shimo ni la kwao.

Msimamizi wa leseni, Bwana Pantaleo, alikuwa mtu mpole. Alimwamkia shikamoo, akamvutia kiti, akamfungulia soda ya baridi ndani ya ile ofisi ya kontena.

"Mama yangu, sisi tulifukua," alisema. "Tukatoa wawili, tukawasafirisha kwao kwa heshima zote. Wa tatu hayupo."

"Wa tatu huyu hapa." Paskalina akamnyooshea simu.

Pantaleo aliipokea kwa mikono miwili, kama anayepakatishwa mtoto wa watu. Aliiangalia kwa muda.

"Kweli. Anaonekana mdomoni. Lakini mama, mdomoni siyo ndani. Hii inasema alifika. Haisemi aliingia."

"Ndani hakuna mtandao, baba."

"Sawasawa. Kwa hiyo haiwezi kusema."

"Kila siku kilikuwa kinakauka hivihivi akiingia. Jioni kinarudi."

"Vijana hawa, mama! Wewe ni mzazi, unawajua. Anazima simu pale mdomoni, anawakimbia wenzake. Dhahabu ikisikika imetoka mahali pengine, wanahama kama nzige. Huenda mwenzio yuko Chunya anakula maisha, wewe huku unajikondesha."

"Basi fukueni. Mkimkosa nitaondoka zangu, nitakuwa nimekoma."

"Kufukua, mama, ni kuwaita wakaguzi. Wakaguzi watafunga maduara yote. Utakuwa umewanyima watu wangapi chakula? Hata huyo Lusia unayelala kwake, nani atanunua maandazi yake?"

Alisema hayo bila kupandisha sauti. Kisha, ili mama aridhike, akamwita Mwigulu.

Mwigulu ndiye alikuwa anaendesha winchi ya duara lile, anashusha watu na kupandisha mawe. Jioni ya kwanza Paskalina alipofika, alikuja kibandani akalia mbele yake bila kujificha. Alimwambia alimshusha Enock kwa mikono yake. Alimwambia hata kwamba Enock, akiwa tayari ameshika kamba, alimpa andazi alilobakiza akasema, nitunzie hili, usile mlafi wewe, nikipanda ninalikuta.

Sasa alisimama mlangoni mwa kontena, kofia mkononi.

"Mwigulu, Jumanne ile ulimshusha Enock?"

"Bosi, siku ile tulishusha wengi."

"Mimi nakuuliza Enock."

Mwigulu aliigeuza kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeshonewa humo.

"Sikumbuki vizuri, bosi."

"Umesikia, mama."

Paskalina hakumtazama Pantaleo. "Na andazi?" aliuliza.

Mwigulu akavaa kofia.

"Andazi gani?" Pantaleo alisema, akimwangalia huyu na kumwangalia yule. Soda ilikuwa haijaguswa. Akamsihi mama ainywe, au hata aende nayo tu.

Siku ya pili yake Mwigulu alipita kibandani, hakukaa. Alisimama karibu na beseni la vyombo. "Mama, wamenipa winchi ya duara jipya," alisema. "Nina watoto. Usinihesabu na wabaya." Kisha akainama kama anayetafuta kitu chini. "Hiyo programu itakuomba uisasishe. Usiiguse. Iache hivyohivyo."

"Kwa nini?"

"Iache tu, mama."

Ndiyo maana kila asubuhi alibonyeza Baadaye, na asubuhi hiyo pia. Alikuwa hajamaliza hata sufuria ya kwanza gari la matangazo lilipoingia, spika mbili juu, limebandikwa karatasi za njano ubavuni.

"Nipo! Toleo jipya! Nyepesi zaidi, haraka zaidi! Leo mchana, uwanja wa duara la zamani, njoo usasishiwe bure! Sasa inafanya kazi hata pasipo mtandao! Popote ulipo, mpaka chini ya ardhi!"

Mkono wa Paskalina ulisimama ndani ya sufuria.

"Amesema mpaka chini?"

"Matangazo hayo, Mama Enock," alisema Lusia. "Juzi walipita na dawa ya meno inayorudisha jino lililokwishang'oka."

"Lakini amesema mpaka chini."

"Na Mwigulu alisema usiguse."

"Mwigulu hakumbuki vizuri."

Lusia akaipua maandazi.

Paskalina aliosha uso kwa maji ya kunywa, akavaa fulana yake ya njano. Alipofika uwanjani aliona kwamba katapila limeletwa siku hiyohiyo kufukia lile duara, kwa usalama, walisema, watoto wasije wakatumbukia. Lilikuwa linasukuma udongo mwekundu huku turubai la sherehe limesimama hatua chache kando, na muziki unashindana na injini. Matimba yalikuwa yamekwishafunikwa. Akaharakisha. Kama toleo jipya lingemwonyesha Enock kule chini, hata leo, hata sasa hivi, mbele ya watu wote hawa, nani angeendelea kumwaga udongo?

Chini ya turubai alikaa msichana aliyeletwa na wenye programu kutoka mjini, jina lake Aneth limebandikwa kifuani, kucha zake zimepakwa rangi ya maziwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ni kweli inaona chini?"

"Inafanya kazi bila mtandao, bibi, ndiyo. Nipe simu."

Paskalina hakuitoa bado. "Nitamwona mwanangu?"

"Utawaona wote waliounganishwa." Foleni nyuma ilikuwa inasukumana. "Lete nikusaidie, bibi yangu, ni dakika tu."

Akafungua fundo la kanga. Aneth akabonyeza kwa ncha ya kucha. Mstari mwembamba ukaanza kujaa polepole, kama maji kwenye chupa yenye mdomo mdogo. Paskalina aliutazama mstari, akatazama katapila, akautazama mstari.

Programu ikafunguka. Ilikuwa nzuri kweli. Barabara sasa zilionekana zote, kibanda cha Lusia kilionekana, na kidoti cha bluu kilikuwa kinapumua: Paskalina, upo hapa. Pale penye duara palichorwa kipande cha mraba, rangi ya majani mabichi, kimeandikwa: Eneo salama.

"Yuko wapi?"

Aneth alitafuta. Alipandisha, akashusha, akaandika jina, akalifuta, akaliandika tena. "Hayumo, bibi. Toleo hili limebeba wale tu waliosajiliwa upya na mwajiri. Labda yeye hakusajiliwa."

"Nirudishie ile ya zamani."

"Ya zamani haipo tena. Imezimwa kwa watu wote."

"Nirudishie, mwanangu. Alikuwa humu. Asubuhi alikuwa humu."

Msichana akageuka kumtafuta mtu wa kumsaidia. Pantaleo alikuwa kwenye boksi la fulana mpya. Alimwona Paskalina, akamnyooshea mkono wa salamu kwa adabu, kisha akaendelea kugawa.

"Lakini unaweza kumwalika," Aneth alisema haraka, na usoni alionyesha kweli anataka kusaidia. "Unaona hapa? Namba yake bado unayo. Unabonyeza Mwalike. Akikubali tu, anatokea."

Watu wa nyuma wakasonga mbele.

Paskalina alitoka kwenye turubai akaenda pale. Hakuhitaji ramani. Alipita mbele ya katapila, dereva akapiga honi, akapaza sauti, "We mama, toka hapo! Unataka kuniletea kesi?" Hakutoka. Alisimama mahali vile vidoti viwili vilipokuwa vimepandana, juu ya udongo ulioshindiliwa, bado wenye alama za minyororo ya katapila. Akabonyeza Mwalike. Simu ikasema mwaliko umetumwa.

Akapiga magoti, akainama, akalaza sikio chini.

Dereva alidhani ameanguka, akazima injini. Kukawa na kimya pale juu ya duara. Udongo ulikuwa wa moto sikioni. Alisikiliza simu ya Enock iite, au itetemeke, au ifanye vyovyote zinavyofanya simu zikipata ujumbe. Kutoka kwenye turubai sauti ilikuwa inasema Hapotei mtu, Hapotei mtu, na watu wanaitikia.

Kitu kikatetemeka. Akainuka upesi, udongo umemganda shavuni. Kumbe ni simu yake mwenyewe, mkononi.

Enock bado hajakubali mwaliko wako. Ungependa tumkumbushe? Ndiyo, au Baadaye.

Paskalina alifuta kidole kwenye kanga. Dereva akawasha injini.