Furushi la Mama Mkwe

Mimi karatasi za zawadi nilishazichoka. Mwaka jana nilizinunua zile zinazong'aa, zina nyota, nikakaa kuzikunja na kuzibandika mpaka mgongo ukaniuma, halafu watoto wakazichanachana kabla sijamaliza kusema sikukuu njema. Kesho yake zimetapakaa ua mzima. Nani anafagia? Mimi.

Sasa mimi ni fundi wa mapazia. Kibandani kwangu nina gunia la vipande vilivyobaki, vitambaa vizito, vizuri, kuvitupa dhambi. Nikasema mwaka huu karatasi haiingii nyumba hii. Kila mtu zawadi yake naifunga kwa kitambaa, pembe nne, fundo juu, na kitambaa kinarudi kwangu tutumie tena mwakani. Nilijiona mjanja, nisikufiche.

Nikafunga tano: za wanangu watatu, ya baba watoto, na ya mama mkwe wangu. Mama alihamia kwetu mwaka jana, magoti yalipomkatalia kuishi peke yake. Mimi na yeye hatugombani. Afadhali tungegombana! Mama ana adabu za mgeni. Anakunywa chai nusu kikombe, redio haiwashi mpaka aombe. Na mimi nina mdomo, hata salamu yangu inatoka kama nafokea. Wiki ile ya kuelekea sikukuu aliniunguzia maharage nikamwambia, "Mama, si uache tu, nitapika mwenyewe!" Akaacha kweli. Akawa hakanyagi jikoni.

Iliniuma, ila kuomba radhi mimi sijui, najua kushona. Ndiyo maana zawadi yake niliihangaikia kuliko za wote. Nilimnunulia chupa ya chai ya kuweka chumbani kwake, asiwe anaomba omba. Nikaongeza viatu laini vya kamba na shali nzito ya baridi. Nilitaka siku hiyo mama ajisikie yuko kwake, basi, sikuwa na lingine. Nikavifunga kwa kitambaa cha kijani chenye maua, kile nilichokuwa nakionea choyo hata mimi mwenyewe.

Mkesha wa sikukuu zawadi za wengine nikazificha juu ya kabati. Ya mama ilikataa kuingia kwa ajili ya ile chupa, nikaiweka kitandani kwake. Nilikuwa nakimbilia kibandani, wateja wa dakika za mwisho unawajua. Nikamwambia nikiwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni kingine mkononi:

"Mama, furushi lako liko kitandani. Nimeshakufungia kila kitu. Usilifungue sasa, msubiri mwanao arudi."

Akanitazama kidogo. "Ahsante, mwanangu," akasema. Nikajua amefurahi, nikaondoka zangu.

Mchana narudi, namkuta kibarazani. Amevaa gauni lake la kutokea, kichwa amekifunga vizuri, furushi liko mapajani, fimbo pembeni. Nikapita ndani kutua mizigo. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Kitanda kimetandikwa, chumba kimefagiwa, na shuka zangu nilizompa zimekunjwa juu ya mto. Nikarudi nje.

"Mama, safari ya wapi tena?"

"Namsubiri mwanangu anipeleke stendi."

"Stendi kufanya nini, jamani?"

"Si umenifungashia?"

Mwenzangu, nilicheka! Kicheko kilinitoka kabla ya akili. "Mama nawe! Hiyo si zawadi?"

Hakucheka. Alilikumbatia lile furushi kwa mikono miwili, akaangalia chini. Kicheko kikanikauka mdomoni.

"Usione haya, mwanangu," akasema taratibu. "Hujanikosea. Umenifungia kwa kitambaa kizuri. Mimi mama mkwe wangu alinifungia kwa shuka kuukuu. Nilitoka kuchota maji, nina huyu mumeo mgongoni, nikakuta furushi langu mlangoni. Hakuna aliyenifokea. Hakuna aliyesema neno. Mtu mzima ukiona furushi unajua umefurushwa."

Nikakaa pale pale sakafuni. Mwaka mzima mwanamke huyu anakunywa nusu kikombe, kumbe alikuwa anasubiri furushi. Na aliyekuja kulifunga ni mimi, fundo juu, nikalitamka kwa jina lake kabisa.

"Ungeenda wapi, mama?" nikamuuliza.

"Sijui. Nilidhani mwanangu anajua."

Hapo nikapandwa na hasira, na hasira zangu hazichagui. "Haendi mtu popote!" nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia. "Lifungue!"

"Ulisema nimsubiri."

"Mama, lifungue!"

Akatikisa kichwa. Hakuniamini, nikaona kabisa hakuniamini. Alidhani ni kitu cha njiani, cha kumtuliza. Nikainuka, nikaingia chumbani kwetu, nikapanda kitandani, nikayashusha yale mengine yote juu ya kabati. Nikayatupa miguuni pake, moja, moja. Moja likalia ndani, gari la mtoto hilo, shauri yake.

"Hili la mwanao. Haya ya wajukuu zako. Kama hilo lako ni la kufukuzwa, basi tumefukuzwa ukoo mzima!"

Ndivyo baba watoto alivyotukuta. Amesimama na baiskeli yake, wanangu nyuma wametoka kucheza, anaangalia mafurushi, anamwangalia mama yake kavaa, ananiangalia mimi natokwa na machozi na kamasi.

"Tunahamia wapi?" akauliza.

Mama akaanza kucheka. Alicheka kwa kujizuia, halafu akashindwa, mabega yakamcheza, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Watoto hawakusubiri ruhusa, wakashambulia mafundo yao. Naye akalifungua lake, polepole, kwa vidole vinavyouma. Akatoa chupa ya chai, akaigeuza geuza.

"Yote hii nitaimaliza na nani?"

"Na mimi," nikasema. "Nisamehe, mama. Mdomo wangu huu, na maharage yale, na hili la leo. Nakutaka hapa. Si kwa sababu ya mwanao. Nakutaka mimi."

Alivaa viatu, vikamkaa. Shali akaiweka begani. Mimi nikaanza kukusanya vitambaa vya watoto, navikunja, ndiyo mpango wenyewe ulivyokuwa. Nilipofika kwake nikanyoosha mkono. Akakivuta kile cha kijani upande wake.

"Hiki hakirudi guniani," akasema.

"Mama, tutakitumia tena mwakani."

"Hapana. Kikirudi kitafungwa tena furushi." Akakikunjua mapajani, akakilainisha kwa kiganja mpaka alama za fundo zikaanza kupotea. "Wewe si ndiye fundi wa mapazia? Nishonee pazia. Mtu wa kupita hatundiki pazia."

Nikamfuata chumbani kwake na futi yangu ya kupimia shingoni. Dirishani palikuwa na upande wa khanga yake ya zamani, ameubana kwa vibanio vya nguo, viwili. Nimeshona mapazia ya nusu ya mji huu, ya sebule za watu, ya ofisi, mpaka ya kinyozi. Nikavuta kiti, nikapanda. Mama akanishikia miguu ya kiti nisianguke.

Dirisha lile, mwaka mzima, sikuwa nimelipima.