Dakika Mbili za Mzee

Mtaani walimwita Bwana Dakika, na hakuchukia. Alikuwa mchora ramani za nyumba, kazi akiifanyia chumbani kwake, na kila alichofanya tangu kupambazuka alikiandika katika daftari lenye safu mbili: Kazi na Hasara. Mali bila daftari huisha bila habari, alipenda kusema, na mali yake ilikuwa muda. Chai, dakika sita, Hasara. Simu ya dada, dakika nne, Hasara. Hata chooni aliingia na saa, jamani.

Akishatega kengele ya saa nzima na kutia pamba masikioni, ungeweza kuubomoa mlango asigeuke. Ukimsemesha, aliinua kidole kimoja: subiri. Baba yake, aliyehamia kwake baada ya kufiwa na mke, alikuwa amekizoea kidole hicho. Akikiona, hurudi polepole kwenye kiti chake cha barazani.

Jumanne ile mzee alisimama mlangoni akazungumza. Kwa pembe ya jicho mwana akaona midomo ikicheza, akainua kidole, akaendelea kupiga mistari ya ngazi. Kengele ilipolia alitoka, akamkuta mzee sakafuni, mdomo umekwenda upande. Hospitali wakasema ni kiharusi. Uhai upo, sauti ndiyo imekwenda.

Dada yake alifika mbio. "Asubuhi alikwambia nini, kaka?"

Akafungua daftari. Lilikuwa limeandikwa vizuri, kwa mwandiko wake safi: Saa tatu na dakika kumi, baba mlangoni, dakika mbili, Hasara.

"Saa naiona," dada akasema. "Mimi nimekuuliza maneno."

Maneno hakuwa nayo. Labda mzee alisema kichwa kinamuuma. Labda alimwita tu waketi pamoja. Aibu ilimjaa hata akashindwa kumtazama dada yake usoni.

Huu mwezi wa pili sasa, na ile ngazi imeishia katikati ya karatasi. Kila asubuhi anakaa mbele ya kiti cha barazani, bila saa, bila pamba, akibembeleza: "Baba, siku ile ulisema nini? Nipo, nakusikiliza."

Mzee humtazama kitambo kirefu. Midomo hujaribu, ikashindwa. Kisha huunyanyua mkono mmoja uliobaki na nguvu, akanyoosha kidole kimoja.

Basi mwana anasubiri.