Marehemu Arudi kwa Jirani

Walburga alikuwa akimenya viazi dirishani, jioni moja ya Oktoba, alipomwona marehemu mumewe, Engelbert, akipita barabarani na buti zake za shambani. Zabibu zilikuwa zimeshavunwa, na katika maghala yote ya bonde la Mto Ahr, Ujerumani, mvinyo mwekundu ulikuwa umeanza kuchachuka. Watengeneza mvinyo waliokufa hurudi majira hayo kusaidia kazi. Walburga alikuwa ameshamwashia taa mlangoni.

Engelbert hakuingia. Alivuka barabara, akafungua ghala la Gerlinde, jirani yao, akateremka ngazi.

Kesho yake ikawa vilevile. Keshokutwa yake, muuza mikate akamuuliza Walburga, "Wako si amesharudi?"

"Amerudi."

"Mbona namwona kwa Gerlinde?"

"Si umuulize mwenyewe."

"Nimemuuliza. Anasema mapipa ya kule yanahitaji mtu."

"Na yangu yanajihudumia?"

"Shukuru, mwenzangu," akadakia mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. "Wangu alirudi mwaka jana akalala tu mpaka Krismasi."

Wanawake wakacheka. Walburga akalipia mkate, akaenda moja kwa moja kwa Gerlinde.

Aliwakuta ghalani. Engelbert amekunja mikono ya shati, anasukuma maganda ya zabibu yanayoelea pipani yazame, kwa mti mrefu. Gerlinde ameshika glasi, na glasi ilikuwa moja tu.

"Engelbert, nyumba umeisahau?"

"Sijaisahau."

"Basi huku unafanya nini?"

"Ninachofanya siku zote."

"Siku zote?"

Gerlinde akainamia glasi. "Jumatano," akasema. "Alipokuwa hai alikuja Jumatano tu."

Jumatano Engelbert alikuwa akiaga kwamba anakwenda mazoezi ya zimamoto. Walburga ndiye aliyempigia pasi sare ya mazoezi hayo.

"Mlikuwa mnalala pamoja?"

Wafu hawaoni tena faida ya kusema uongo. "Mwanzoni," Engelbert akajibu. "Baadaye ikawa mvinyo tu."

Jibu la pili ndilo lililomchoma. Nyumbani Engelbert alionja mvinyo wao akiwa wima, akasema "unafaa," akaenda kulala.

Mwaka ule Walburga alitengeneza mvinyo peke yake. Alijua kupogoa na kukamua. Lakini kuamua lini maganda yatolewe kwenye mvinyo ilikuwa kazi ya mumewe. Akaamua kwa wivu. Kila jioni alishuka ghalani kwake, akasukuma maganda, na kwa kuwa taa ya Gerlinde ilikuwa bado inawaka, hakukubali kuzima yake kwanza. Maganda yakakaa pipani muda mrefu kuliko ilivyo desturi. Alionja, akatema, akaonja tena, akiwatukana wote wawili kwa majina.

Mwezi wa Desemba mvinyo ulitulia na wafu wakaanza kuondoka. Engelbert akabisha hodi kwake kumuaga. Walburga akamvutia kiti, akammiminia glasi kutoka kwenye pipa. Ulikuwa mwekundu mwepesi, unapitisha mwanga, una harufu ya mawe yaliyonyeshewa.

Engelbert akaonja akiwa ameketi. Akaonja tena, machozi yakamlengalenga.

"Walburga."

"Nakusikia."

"Katika nyumba hii haujawahi kutoka mvinyo kama huu."

Walburga akashika ukingo wa meza. Maneno hayo alikuwa ameyangoja tangu alipoolewa, akahisi uso wake unapata joto.

"Nijazie chupa moja," Engelbert akasema. "Nimpelekee Gerlinde. Atafurahi huyo!"

Walburga akajaza chupa, akaishindilia kizibo, akaizungushia gazeti.

"Ishike kwa mikono miwili," akamwambia. "Barabara ina barafu."

Engelbert akaikumbatia chupa kifuani, akavuka taratibu, akipima kila hatua.