Inchi Kumi na Nne

Wifi yangu hakuwahi kupaka rangi nyumba yake, na jambo hilo lilinipa raha kwa miaka sita. Sikatai. Ziwa lilipofurika mwaka ule na maji yakatuingilia mpaka ndani, yalipotoka yaliacha mstari wa kahawia kwenye kuta za mtaa mzima, kama mkanda wa suruali. Kila mtu alisugua, akapaka rangi. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza: rangi ya pichi, nikairudia mara mbili, na madirisha meupe. Wifi, mke wa kaka yangu, ambaye nyumba zetu zimeshikana ukuta, alisema atapaka kaka akirudi. Kaka ni dereva wa lori. Akirudi analala, akiamka anaondoka. Basi ule mstari ukabaki pale barazani kwake, na kila mteja aliyekuja kwangu kushonesha nguo nilimwonyesha kwa kidevu. "Umeona? Mwaka wa sita huo."

Kwangu hapakosi watu. Cherehani iko chumba cha mbele, benchi liko mlangoni, na anayekuja kupunguza gauni kiunoni anaondoka anajua nani kaachika na nani karudiana. Kinyozi wa kibanda cha ng'ambo, tunayemwita Redio, alikuwa radhi kukiacha kichwa cha mtu nusu kimenyolewa ili aje kusikiliza mwisho wa habari.

Mpaka alipokuja binti wa kupima.

Alikuja na buti za mpira, darubini ya miguu mitatu na mti mrefu wenye namba. Akatukusanya, akasema mji unatengeneza mpango wa miaka thelathini. Mvua hazifuati tena kalenda, ziwa linazidi kupanda, na haya mabadiliko ya tabianchi si habari za kusikiliza tu, yameshafika mlangoni. Ramani itakuwa na rangi mbili. Nyumba zitakazoangukia kwenye njano zitainua sakafu na kubaki. Zitakazoangukia kwenye nyekundu zitahamia kilimani. Kwa hiyo anataka kujua maji ya mwaka ule yalifika wapi hasa. Si kwa maneno. Anataka alama ukutani.

Hayo ya rangi niliyasikia kwa sikio moja. Sikio la pili lilikuwa limeshaelewa jambo baya zaidi: mtaa mzima umepaka rangi. Nani amebaki na mstari wake, safi kama umechorwa jana?

Jamani, niliona kwa macho yangu binti akipiga magoti mbele ya ule ukuta mchafu kama aliyeokota dhahabu. Akaupiga picha. Akaupitisha kidole. "Mama, umetuokoa," akamwambia wifi. Umetuokoa! Kwa uvivu! Wifi akatoa chupa ya chai. Kesho yake akaja mwenyekiti wa mtaa. Keshokutwa wakaja watu wanne wa halmashauri, wakajaa barazani, na wifi akawasimulia mafuriko akiwa amevaa gauni nililomshonea mimi, lile la mikono mipana. Mtaa ukaanza kumwita Mama Alama. Benchi langu likabaki na paka, naye paka alikuwa anatazama upande wa pili.

Redio akapita mlangoni kwangu na kiti chake mkononi.

"Jirani," nikamwita, "umenisahau?"

"Sijakusahau, dada. Ila kule kuna habari yenye picha."

Si kwamba nilimchukia wifi. Nilitaka tu apate homa ndogo, ya siku mbili tatu.

Wiki ile ile, saa saba mchana, wifi alikwenda sokoni. Nikachukua tepu yangu, nikaruka barazani kwake, nikaupima mstari wake: inchi thelathini na sita kutoka sakafuni. Kisha nikajifungia kwenye chumba changu cha nyuma, ninakoweka vitambaa. Kile chumba sikukipaka rangi. Mwaka ule niliusugua mstari mpaka ukafutika, nikaiacha plasta tupu. Nikachemsha chai ya rangi nzito, nikaichanganya na tope la ufukweni, nikachovya kipande cha godoro. Nikachora kwenye inchi hamsini. Kwa nini hamsini? Kwa sababu hamsini inafika kifuani, na maji ya kifuani yanasimuliwa vizuri kuliko maji ya nyonga. Nikawasha feni, ikakauka. Nilipoutazama, hata mimi niliogopa mafuriko yale.

Binti alikuja mbio nilipomwita. Akapima. Akapima tena. Akajikuna chini ya kofia.

"Nyumba zimeshikana, sakafu ziko sawa. Maji hayawezi kupishana inchi kumi na nne."

Nikajifanya nakunja kitambaa. Lakini wasomi wana huruma. Kitu wasichokielewa wanakitafutia sababu wenyewe.

"Labda ule wa barazani ni wa maji yakiwa yanapungua," akasema polepole. "Ule wa juu umeoshwa na mvua. Huu wa ndani ndio wa kuaminika."

"Mimi sijui mambo ya kitaalamu, mwanangu. Karibu chai."

Akafungua daftari akaukata mstari wa wifi kwa kalamu. Wifi mwenyewe alikuwa ameshafika mlangoni na kikapu chake cha sokoni.

"Lakini mimi nakumbuka yalifika hapa," akasema, akajishika nyonga. "Nilikuwa nimembeba mama mgongoni. Miguu yake ilikuwa inaburuza majini."

Mama huyo ni mama yangu mimi, aliyenizaa. Mimi saa hiyo nilikuwa nimebeba cherehani.

"Mtu akiwa kwenye hofu anasahau, wifi," nikamwambia kwa upole. Upole wangu wakati mwingine unanishangaza.

Basi kwa wiki mbili nyumba yangu ilirudi kuwa nyumba. Redio alirudisha kiti chake. Watu walipanga foleni kuingia chumba cha nyuma. Kila mmoja alisimama kwenye alama, akajipima kifua, akaguna. Wale wale waliokuwa hapa mwaka ule, waliotembea kwenye maji yale kwa miguu yao, wakaanza kukumbuka kwamba kweli, yalifika kifuani. Muuza mkaa alisema kwake yalifika kwapani. Mlangoni kwa wifi palikuwa na kimya. Nilikuwa nakisikia kupitia ukutani, nacho kilikuwa kitamu.

Ukaja mkutano kwenye ukumbi wa kata. Nilivaa vizuri, nikakaa mbele. Binti akatundika ramani kubwa, akasema, "Kwanza tumshukuru mama fundi. Bila ukuta wake tungekosea." Nikapigiwa makofi. Nikasimama, nikainama kidogo, nikageuza shingo niangalie kama wifi ameona.

Ameona. Alikuwa anapiga makofi na yeye.

"Awali," binti akaendelea, "kwa alama ya nyonga, mtaa wenu ulikuwa njano. Mngeinua sakafu, mngebaki. Kwa alama mpya ya kifuani, kuanzia kibanda cha kinyozi mpaka ghala la mkaa ni nyekundu. Mtahamia kilimani."

Nikaitazama ile rangi. Ndani yake kulikuwa na kibanda cha Redio, na nyumba ya wifi, na nyumba yangu ya rangi ya pichi, na benchi langu, na kile kizingiti ambacho mama alikaa kila asubuhi mpaka alipofariki. Vyote nimevifunika mwenyewe, kwa kipande cha godoro.

Muuza mkaa akasimama akapiga kelele. "Huo ukuta wa fundi nani amethibitisha? Mama Alama alisema nyonga! Mwanamke anaweza kuwa anajitafutia sifa!"

Nikajua wifi atasimama. Na alisimama. Nikashika kiti. Sema, nikawaza, nimalize.

"Mumwache wifi yangu," akasema. "Amenishonea nguo miaka ishirini, hajawahi kukosea hata inchi moja. Kama yeye amepima kifua, ni kifua. Mimi ndiye niliyesahau. Andikeni tu, tutahama."

Akakaa, akajifuta uso na mkono mpana wa gauni lile.

Wivu gani huu, jamani? Hata pale, mtaa unaondoka kwa sababu yangu, kitu cha kwanza kilichonichoma ni kwamba hata kwa wema amenipita. Mbele ya watu! Nikaona nikikaa kimya, sitampata tena maisha yangu yote.

"Ni chai," nikasema.

"Chai gani?" mwenyekiti akauliza.

"Ule mstari. Ni chai na tope. Nimeuchora mimi. Maji yalifika nyonga, kama wifi alivyosema."

Kisha Redio, Mungu amsamehe, akauliza kutoka nyuma: "Uliweka sukari?"

Ukumbi ukapasuka. Walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza akachoka. Binti peke yake hakucheka. Alifunga daftari lake taratibu, na kile kitendo kiliniuma kuliko kicheko. "Nitapima upya mtaa mzima," akasema. "Na wewe, mama, utanishikia mti."

Nikaushika. Siku tatu juani, nyumba kwa nyumba, mti umesimama wima na mimi nimesimama wima, kila mpita njia ananiagiza kikombe cha chai. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya wifi. Alitoka akaniletea maji ya kunywa. Nikamwomba msamaha, kwa sauti ya chini, na alichonijibu ni: "Kunywa kwanza."

Ramani ikarudi njano. Sasa hivi matofali yamejaa kila baraza, tunainua sakafu kwa zamu, mtaa mzima unanuka saruji. Pale gatini wamesimika nguzo ya namba, na anayetakiwa kuisoma kila asubuhi na kupeleka habari kata akiona maji yanakaribia alama, wamemchagua nani? Usinichekeshe.

Halmashauri ikamletea kizibao cha kung'aa, cha rangi ya chungwa, kinawatosha wifi wawili. Jana alikuja nacho, akakaa kwenye benchi langu, na nyuma yake wakaja watu kumi kumwangalia.

"Nipunguzie, wifi. Wewe ndiye unayejua mwili wangu."

Alipendeza mno ndani ya kile kizibao. Niliona wazi kwamba kikibana kidogo tu kwapani, hatakaa nacho hata asubuhi moja. Nikazungusha tepu kifuani mwake. Nikapima. Nikapima tena. Kisha nikaitamka namba kwa sauti, wote kumi waisikie, nikaiandika kama ilivyo.